Asali ya Mwaka wa Tunutu

Anania wa Ihanda aliishi na nyuki tangu kabla hajaota ndevu, na kama kulikuwa na neno la kumtia hasira ni mtu kumwambia kwamba nyuki ni wakali. "Wakali ni nyie," alikuwa akijibu, "nyuki ana kazi zake." Alikuwa na mizinga tisa ya magogo, ameitundika kwenye miti ya mteremko wa kuelekea mtoni, na tabia ya kila mmoja aliijua kama mtu anavyojua watoto wake: huu mvivu, ule mchokozi, ule wa mwisho kabisa una asali nyeusi isiyoganda. Akipanda kuvuna hakufunika uso. Wakati wa vita ya kwanza ya Wazungu alibeba mizigo mpaka mabega yakaota sugu, akarudi nyumbani salama. Siku moja alikutana na simba njia ya Tunduma, wakatazamana, simba akaenda zake. Mtu wa namna hiyo haogopi ovyo. Kwa hiyo, mwaka ule wa vita ya pili, alipoanza kunusa mikono yake kila mara kabla ya kula, mkewe Nesta alijua kuna jambo.

Jambo lenyewe lilianza na pumba.

Tunutu walikuwa wameingia. Nzige wakubwa walipita wakataga, mayai yakaanguliwa, na nchi nzima ikajaa watoto wa nzige wasio na mabawa, wanaruka-ruka kwa makundi, wakipita shamba hawaachi hata bua. Njaa ilikuwa tayari imepiga hodi. Serikali ikaleta Mzungu mmoja, watu wakambatiza jina la Bwana Nzige, pamoja na karani wake Barnaba, kijana wa hapahapa Mbozi aliyesoma misheni na kuvaa soksi ndefu mpaka magotini. Wakaja na magunia ya pumba za mahindi, mapipa ya maji mazito ya sukari guru, na mapipa madogo ya dawa. Vyote vitatu vilichanganywa pamoja, kisha vikamwagwa njiani mbele ya tunutu. Tunutu anafuata utamu, anakula, anakufa. Kila kitongoji kilitakiwa kutoa watu wa kuchanganya, na Ihanda ikamtoa Anania, kwa sababu haogopi kitu. Huo ndio uliokuwa mshahara wa ushujaa wake.

Walianza kwa sepetu, lakini pumba zikishika sukari guru hufanya mabonge, na mabonge hayavunjwi kwa sepetu. Wakavunja kwa mikono. "Mnawe kabla ya kula, basi," alisema Barnaba, naye amesimama mbali, upande upepo unakotokea. Maji yalikuwa bondeni, kwenda na kurudi ni nusu ya asubuhi, kwa hiyo walinawa kwa mchanga. Wiki haikuisha viganja vya Anania vikawa vigumu na kupasuka, na mdomoni akawa na ladha kama anayemumunya senti. Mwenzake Osea alitapika siku mbili, akarudi kazini nyayo zikimchoma, akasema labda amepata mimba. Watu wakacheka sana. Anania naye alicheka.

Siku ya tisa nyuki wakaja, na kicheko kikamwishia.

Hakuna mtu aliyekuwa amewafikiria. Mvua ilichelewa, maua yalikuwa yameliwa na tunutu, na hapo pamemwagwa utamu wa bure kwenye ardhi, magunia kwa magunia. Nyuki walitua juu ya pumba mpaka zikabadilika rangi. Wakanywa ile sukari guru kwa pupa. Anania alisimama na bonge mkononi, akawatazama wakiruka, na kwa kuwa alijua njia zao hakuhitaji kuwafuata. Walikuwa wakielekea mteremkoni, kwenye miti yake.

Jioni aliwahi mizinga kabla jua halijazama. Chini ya mti wa kwanza aliwakuta wengi wamelala kwenye nyasi, wengine wakizunguka wakizunguka mahali pamoja, mabawa hayanyanyuki. Chini ya mti wa pili hivyohivyo. Alichota konzi moja, akawaweka kiganjani, akawapulizia kama anayewasha moto. Hawakuamka. Akaogopa, akaogopa kweli, kama mtoto aliyepotea njia.

Kesho yake alimwendea Barnaba.

"Karani, ile dawa inaua nyuki."

"Mzee, ile dawa inaua wadudu. Nyuki ni nini? Si mdudu?"

"Ndiyo. Lakini nyuki anapeleka kitu nyumbani. Anachokinywa huku anakwenda kukiweka kule, halafu mtu anakuja anakula."

Barnaba akatazama pande zote, akapunguza sauti. "Mzee wangu, nakuheshimu. Kuna mtu huko Ileje alisema dawa ya Serikali inaua watu, wakamchukua, wakampeleka kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Wakati wa vita hawataki uvumi. Wewe changanya, nawa mikono, nenda nyumbani."

Anania akachanganya. Tunutu wakafa kweli, hilo tusilifiche, na mashamba mengi yakapona. Lakini hata ng'ombe mmoja aliyelamba pumba njiani alikufa na povu mdomoni, na kuku wakaanza kusinzia mchana, na watu, kwa kuwa kuku anayesinzia huchinjwa kabla hajafa mwenyewe, wakawachinja wakawala, kisha wakashinda wakikimbilia vichakani wameshika tumbo. Mvua ziliponyesha hatimaye, maboga ya Nesta yalichanua kwa fahari, shamba lote njano, halafu ua moja moja likanyauka na kudondoka bila kufunga hata boga la ukubwa wa ngumi. Nesta alisema ni ardhi imechoka. Anania alikaa katikati ya maua yale asubuhi nzima, akitega sikio. Hakusikia mlio wa nyuki hata mmoja, na ukimya ule ulimtisha kuliko simba.

Wakati huo ndipo Felista alipojifungua.

Felista alikuwa mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, Lusungu. Lusungu alikuwa amevuka mpaka Tunduma kwenda kwenye migodi ya shaba huko Rodesia, kama vijana wengi, na mtoto alizaliwa amechelewa kidogo kuliko watu walivyotazamia. Kidogo tu, wiki tatu hivi. Lakini wiki tatu zinatosha kabisa kwa watu wasio na kazi. Kisimani wanawake walihesabu kwa vidole, wakahesabu tena, wakaangaliana. Hata huko Hasamba, kwa wazazi wa Felista, habari ilikuwa imefika.

Na katika ukoo wa Anania, ukoo wa watu wa nyuki, kulikuwa na desturi yao. Siku mtoto anapotolewa nje kwa mara ya kwanza, babu mzaa baba anachovya kidole kwenye asali ya mzinga wake mwenyewe, anamlambisha mtoto mbele ya wakwe. Hakuna hotuba. Asali ikishaingia mdomoni mtoto ni wa ukoo, na anayehesabu miezi ahesabu mpaka achoke. Asali ya kuazima haikubaliki. Na babu asipomlambisha, amemkataa mtoto, na mama yake anafunga mzigo siku hiyohiyo. Ilikuwa imetokea mara moja, enzi za baba yake Anania, na mwanamke yule hakuna aliyesikia tena habari zake.

Akiba ya asali ya mwaka uliopita ilikwisha kwa njaa. Ikabaki mizinga. Anania aliizunguka yote tisa, na minane ilikuwa kimya. Wa tisa, ule wa asali nyeusi, ulikuwa na nyuki wachache wanaotambaa kama wagonjwa, na ndani yake masega mawili mazito. Alikata moja, akashuka nalo. Chini ya mti akachovya ncha ya kidole, akagusa ulimi.

Mtu mwingine asingetambua. Yeye ulimi wake ulikuwa umeonja asali ya mteremko ule kwa miaka arobaini. Haikuwa na ua ndani yake. Ilikuwa na ladha ya pipa, ile sukari guru nzito ya Bwana Nzige, na nyuma yake ile senti. Akatema, akasukutua kwa majani, akatema tena mpaka koo likauma.

"Hii isiguswe," alimwambia Nesta alipofika nyumbani, akalifunika lile sega kwenye chungu. "Usimwekee Felista kwenye uji, hata tone."

Nesta alikuwa amemlea Felista kama binti yake. "Baba Lusungu," akasema, "na wewe umeanza kuhesabu miezi?"

"Asali ina sumu, Mama Lusungu."

"Asali! Tangu lini asali ikawa na sumu? Kama una neno juu ya mtoto, liseme. Usiwasingizie nyuki."

Kama mke aliyeishi naye miaka thelathini hakumwamini, wakwe wangemwaminije? Siku tatu zilizobaki kabla ya mtoto kutolewa nje hazikupita vizuri. Kila mtoto alipolia ndani, Anania alishtuka na kukimbilia chungu, akihakikisha kifuniko kiko kama alivyokiacha. Alifikiri kukivunja. Lakini wakwe wakija wakute hakuna asali, itakuwa ni kukataa vilevile. Mwishoni akapata ujanja mmoja, ujanja wa kitoto: atachovya kidole, atakipeleka, halafu atakipangusa kwenye nguo ya mtoto kabla hakijagusa mdomo. Nani ataona? Akajifanyia mazoezi nyuma ya nyumba, mzee mzima, akichovya kidole kwenye maji na kupangusa shuka lake.

Siku ikafika. Kutoka Hasamba alikuja Amoni, baba yake Felista, mtu mrefu mwenye maneno machache, pamoja na ndugu zake wawili. Barnaba naye alikuwapo, maana alikuwa akisimamia kwaya kanisani na alialikwa kila penye chakula. Kila mtu alikaa uani. Felista akatoka na mtoto, macho yake chini, amembana kifuani. Anania alijua sababu. Binti yule alikuwa amesikia ya kisimani yote.

Nesta akaleta chungu. Anania akachovya. Asali ikashika kidole chake, nyeusi, inang'aa, ikaingia kwenye mipasuko ya ngozi ikamuwasha. Akainama juu ya mtoto.

Mtoto akafungua mdomo.

Hilo hakulitazamia. Katika mazoezi yake yote nyuma ya nyumba, mtoto alikuwa amefumba mdomo. Sasa kichwa kidogo kilinyanyuka, midomo ikatafuta, kwa njaa na kwa matumaini, kama inavyotafuta ziwa la mama. Kidole kilikuwa kimebakiza upana wa punje ya mahindi. Anania alipiga ukelele, akaurusha mkono nyuma kama aliyeunguzwa, na tone likaanguka mchangani mbele ya watu wote.

Felista alitoa sauti ndogo ya mtu aliyepigwa, akamkumbatia mtoto.

Amoni akasimama polepole. "Mkwe," akasema, "tumeona. Umemkataa mtoto."

"Sikumkataa."

"Umevuta mkono. Sisi si vipofu. Felista, kachukue vitu vyako."

"Sikumkataa!" Sauti ya Anania ilipasuka. "Asali hii ina sumu! Nyuki wamekunywa dawa ya tunutu, wamekufa wote, kachungulieni mizinga. Ni dawa ileile ninayoichanganya kwa mikono hii. Nimuue mjukuu wangu ili nyie mfurahi?"

Wakamgeukia Barnaba, kwa sababu yeye ndiye mtu wa dawa. Barnaba alivuta soksi yake, akakohoa. Ninavyojua mimi, mtu yule hakuwa mbaya. Alikuwa mwoga tu, na alikuwa na kazi. "Bwana amesema dawa haina madhara kwa binadamu," akasema. "Wala asali sijasikia."

"Basi," alisema Amoni. "Mwanaume akitaka kukataa mtoto hakosi sababu, lakini kusingizia nyuki ni mpya. Felista, nimesema kachukue vitu vyako."

Felista alianza kusimama. Nesta alikuwa akilia, na kwa machozi yake alikuwa akimtazama mumewe kama mtu asiyemjua. Anania aliwatazama wote, akaona hakuna neno lililobaki duniani la kuwafanya waamini. Akakaa chini. Akaingiza mkono kwenye chungu, akatoa sega lote, akalila.

Alilila kwa matonge makubwa, nta na asali pamoja, mpaka ndevu zikalowa. Alipomaliza akajifuta.

"Mkwe," akamwambia Amoni, "kaa. Nakuomba ukae mpaka kivuli cha nyumba hii kifike pale kwenye kinu. Nikibaki mzima, mimi ni mwongo, nimemkashifu binti yako, mchukue. Nikiugua, mtajua nilivuta mkono kwa nini."

Amoni akasita, kisha akakaa. Wote wakakaa.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomwingia Anania, na haikuwa ile aliyoizoea. Mwanzoni aliogopa kufa. Lakini kivuli kilipoanza kusogea naye akajisikia vizuri, tumbo limetulia, hata ladha ya senti imepungua, akaanza kuogopa kwamba atapona. Je, kama ulimi wake ulimdanganya? Je, kama ni uzee? Kama nyuki walikufa kwa ugonjwa wao tu, na yeye amemfukuza mke wa mwanawe kwa ndoto zake mwenyewe? Kivuli kilivuka jiwe la kunolea. Ndugu mmoja wa Amoni akapiga miayo. Felista alikuwa amekaa mlangoni, mzigo wake mdogo umefungwa tayari kando yake, akimnyonyesha mtoto, na hakumwangalia mtu. Anania alikuwa Mkristo mwenye kusali kila siku, na katika maisha yake yote aliomba mvua, aliomba afya, aliomba Lusungu arudi. Siku ile aliomba augue.

Kivuli kilikuwa kimebakiza hatua mbili kufika kwenye kinu. Ndipo tumbo likashika.

Lilishika kama mtu aliyekamata utumbo kwa ngumi na kuusokota. Anania akainama mbele, na kabla hajafunika mdomo akatapika. Akatapika asali, akatapika nta, akatapika maji, na hakukuwa na kitu tena lakini tumbo likaendelea kuvuta. Miguu ikamkaza. Uso wake ukawa na rangi ya majivu. Nesta alipiga yowe akamkimbilia, akaita jina lake, akasema nisamehe, nisamehe, na Barnaba akasimama, akasogea mpaka kwenye uzio, akabaki hapo na mikono yake inaning'inia tu, hajui aipeleke wapi. Kama ni ile asali peke yake, au ni zile wiki zote za kuvunja mabonge kwa mikono, hakuna aliyejua siku ile, wala baadaye hakuna aliyekuja kuuliza.

Amoni alimshika mabega ili asiangukie uso. "Mkwe," akasema, "mkwe, nyamaza, tumeona, tumeamini."

Lakini Anania alikuwa na neno lililobaki, na alilitoa vipande vipande, kati ya kutapika na kutapika. "Asali yake... nimekula mimi... badala yake. Mbele yenu wote. Mtoto ni wangu."

"Ni wako," alisema Amoni. "Felista, fungua mzigo huo."

Felista hakuufungua. Aliuacha palepale mlangoni, akaja mbio na mtoto kifuani, akapiga magoti kwenye mchanga uliolowa, akamnyooshea baba mkwe wake mtoto ili ambebe. Ilikuwa ndiyo heshima kubwa aliyokuwa nayo, akampa.

Anania alirudi nyuma kwa matako, akijikokota, macho yamemtoka kwa woga.

"Usimlete," akasema. "Mwanangu, nakuomba, usimlete karibu. Hii mikono."

Akaificha makwapani, yote miwili, akakaa hivyo, akimtazama mjukuu wake kwa mbali.